Unga Kwenye Nyusi

Aliyeniambia alikuwa mteja. Mama wa makamo, amekuja kuchukua vitenge vya sare ya harusi, na wakati namwandikia risiti akaniinamia juu ya meza akasema kwa sauti ya chini, kwa wema kabisa, "Mwanangu, una unga kwenye nyusi." Nikajipangusa. Akanitazama tena. "Bado upo." Nikajipangusa kwa nguvu zaidi, na safari hii nikausikia ule mwasho niliokuwa nimeshauzoea hata siuhesabu tena. Nilipoangalia kifuani, mtandio wangu mweusi ulikuwa na vipande vyeupe vidogo vidogo, kama mtu aliyetoka mashineni kusaga mahindi.

Nauza kwenye duka la vitambaa Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, huu mwaka wa tisa. Duka la vitambaa halikosi vumbi la nyuzi. Linatua mabegani, linaingia kwenye kope, jioni unalikung'uta kama mchanga wa pwani. Kwa hiyo kwa muda mrefu, pengine mwaka mzima, kila cheupe nilichokiona nguoni nilisema ni nyuzi. Siku ile nilijua kwamba nyuzi hazioti kwenye nyusi.

Kichwani kulikuwa kumeanza zamani zaidi. Niliwashwa utosini na kisogoni, hasa jioni nikivua mtandio, nikijikuna kwa mkia wa kitana mpaka ngozi inachubuka. Kisha yakaja magamba, si yale makavu yanayopeperuka tu, bali ya manjano kidogo, yenye mafutamafuta, yaliyoganda kwenye mashina ya nywele. Yakashuka nyuma ya masikio, yakaingia mpaka kwenye tundu la sikio. Zikafuata nyusi. Mwisho pembeni mwa pua, kwenye ile mikunjo inayoelekea mdomoni, ngozi ikapauka ikawa nyeupe kuliko uso mzima.

Hapo ndipo nilipopotea. Usiku nilikuwa nikitafuta picha kwenye simu, na karibu zote zilikuwa za watu weupe wenye mabaka mekundu. Mimi ni mweusi, na wekundu sikuwa nao. Nikasema huu si ugonjwa wangu. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kwamba kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu, ndugu mkali wa mba za kawaida, mara nyingi hauji na wekundu. Unaipausha ngozi, unaacha mabaka mepesi yenye magamba. Laiti ningeijua habari hiyo moja mapema, ningeokoa miezi mingi. Naandika haya kwa ajili ya dada au kaka anayejitazama kwenye kioo usiku kama nilivyokuwa nikijitazama mimi.

Ule weupe uliniletea na maneno. Mjini kwetu mwanamke akianza kupauka usoni, jibu liko tayari: anatumia mkorogo. Sijawahi kuupaka maishani mwangu, na bado nilijikuta najieleza kwa watu ambao hata hawajaniuliza.

Mama yangu anaishi Bagamoyo, na mama yangu anajua dawa moja ya kichwa, nayo ni mafuta ya nazi. Si ya dukani. Anakaa mwenyewe juu ya mbuzi, anakuna nazi sita au saba, anachuja tui kwa kifumbu, analichemsha taratibu kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge na yale mabaki ya kahawia ambayo utotoni tulikuwa tukiyagombania. Harufu yake inajaza ua mzima. Kila nilipokwenda kumsalimia, baada ya shikamoo na marahaba, kitu cha kwanza alikuwa akinivua mtandio, ananikalisha chini kati ya magoti yake. "Kichwa kimekauka hiki, mwanangu. Unakiacha na njaa." Ananigawa nywele mistari, anapaka mafuta mstari kwa mstari kwa ncha ya kidole, anasugua. Mwasho ulitulia. Magamba yalilowa, yakalala, hayaonekani. Nilirudi Dar na chupa nzima, napaka kila usiku kichwani, na kwenye nyusi pia.

Siku mbili tatu baadaye mwasho ulirudi, na kila ulivyorudi ulikuja mkali kuliko jana yake. Nami nikaongeza mafuta. Ndivyo nilivyofanya kwa miezi.

Nilijaribu na mengine, nitayataja harakaharaka maana hayana faida ya kuelezwa kwa kirefu: maji ya mwarobaini, alovera mbichi, ndimu (siku ile nililia, maana kichwa kilikuwa na michubuko), sabuni ya mche, sabuni ya dawa ya kipande. Nikasuka rasta ili nisilazimike kukiona kichwa. Wiki sita sikukiosha, na ilikuwa Januari, wakati wa kaskazi, joto la Dar ukilijua, jasho linachemka chini ya mtandio kwenye daladala la Tandika. Nilipofumua, dada msusi alisogea nyuma kidogo. Hakusema kitu. Alivaa glavu.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa la usoni. Nilikwenda duka la dawa, nikamwonyesha kaka aliyekuwepo pua na nyusi, naye bila kuniuliza neno akanipa kitubu kidogo cha krimu. Bei yake haikufika nauli ya kwenda na kurudi Bagamoyo. Sikuombwa cheti, wala sikuambiwa nipake siku ngapi. Nilipaka usiku, na asubuhi ya tatu uso wangu ulikuwa laini kama wa mtoto. Nilifurahi mpaka nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikanunua tubu la pili, la tatu, la nne.

Ndani yake mlikuwa na klobetasoli, steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) ambayo mtu hapaswi kuipaka usoni kienyeji namna ile. Ndiyo hiyohiyo hukutwa kwenye baadhi ya mikorogo. Kwa hiyo zile lawama za mkorogo nilizokuwa nikizikana, kumbe mwenyewe nilikuwa naupaka uso wangu dawa ya aina hiyo bila kujua. Mwezi wa tatu vipele vikanitoka kuzunguka mdomo. Ngozi ikawa nyembamba, jua la saa sita likiipiga inawaka kama imemwagiwa pilipili. Nikiiacha krimu siku mbili, uso unavimba na kuwasha kuliko mwanzo, nikiipaka, unatulia. Nikawa siwezi kuishi nayo wala bila yake.

Wakati huo dukani pakaanza minong'ono ya aina nyingine. Mwenzangu mmoja, ambaye tulikuwa tukila pamoja mchana, alianza kuniwekea chakula changu pembeni. Nilikuja kusikia kwamba kuna aliyesema nimekanyaga waya, yaani nina virusi vya UKIMWI. Sikulala usiku ule. Nilijua sijafanya la kuniogopesha, lakini hofu haisikii hoja, na mwanangu wa kike alikuwa na miaka saba tu.

Hiyo ndiyo iliyonipeleka hospitali, si mwasho. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke wa umri wangu, aliyesomea hospitali ya KCMC kule Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 na kinachosomesha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Alinivua mtandio kwa mikono yake, akanigawa nywele kama mama anavyonigawa. Akaangalia nyuma ya masikio, ndani ya sikio, nyusi, pua, kifua. Akakwangua magamba kidogo akayapeleka kwenye hadubini ili kuhakikisha si mapunye. Kisha akasema, "Nitajie kila kitu unachopaka. Chochote, hata cha jikoni." Nikavitaja. Vilifika tisa. Aliandika vyote, hakunikemea hata kimoja, isipokuwa nilipotoa kile kitubu kwenye mkoba ndipo alipoweka kalamu chini.

Akaniomba nipime na virusi vya UKIMWI. Naona inafaa nieleze kwa nini, maana wengi wakiombwa hivyo hukimbia. Ugonjwa huu humpata mtu yeyote mwenye afya yake, lakini kwa mtu ambaye kinga ya mwili imeshuka huwa wa mara kwa mara zaidi na mkali zaidi, na wakati mwingine ndio unaoonekana kwanza. Anayegundulika akaanza dawa za kufubaza virusi mapema, mara nyingi hata ngozi hupata nafuu. Nilikaa kwenye benchi nikisubiri majibu, dakika zisizofika thelathini, na nilihesabu vigae vya sakafu mpaka nikavijua. Majibu yalikuwa sina. Pembeni yangu alikuwa amekaa kijana mwenye magamba kama yangu nyuma ya masikio. Yake sikuyajua, wala hayanihusu, ila nakumbuka tulitoka tukiwa tumeandikiwa shampuu ileile.

Jina la ugonjwa kwenye karatasi lilikuwa refu, seboreiki dematitisi. Daktari alisema ni ndugu wa mba za kawaida, ila huyu ni mkali na anashuka mpaka usoni. Kuna fangasi aitwaye malasezia, anaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu. Sikuambukizwa na mtu, na sitamwambukiza mtu. Fangasi huyu hawezi kujitengenezea mafuta, hivyo anaishi kwa yale yanayotoka kwenye ngozi, ndiyo maana anapenda kichwa, nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio na katikati ya kifua, mahali ambapo ngozi hutoa mafuta kwa wingi. Anapoyamega mafuta hayo anaacha mabaki, na ngozi za baadhi yetu haziyavumilii: zinawaka, zinawasha, zinajivua magamba kabla ya wakati.

Nikamuuliza polepole, "Na mafuta ya nazi?"

"Unapaka kila usiku?"

"Kila usiku."

"Basi kila usiku unamwandalia chakula."

Nilinyamaza. Sikuwa namfikiria fangasi. Nilikuwa namfikiria mama yangu juu ya mbuzi, akikuna nazi ya saba.

Aliniambia jambo jingine ambalo lilinichukua muda kulikubali: tatizo hili haliponi likaisha. Linatulizwa, linakaa kimya, linarudi, linatulizwa tena. Nilitaka dawa ya kunimalizia shida, yeye akawa ananifundisha namna ya kuishi nayo. Nilitoka na hasira kidogo. Sasa namwona kuwa ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia ukweli.

Ile krimu niliacha siku hiyohiyo. Alinionya kwamba uso utazidi kuharibika kabla haujapata nafuu, na wiki tatu za kwanza zilikuwa ngumu kweli. Nilikwenda kazini na barakoa. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa itakuwa hivyo, nilivumilia, sikurudi kununua tubu jingine. Kama asingenionya ningerudi. Usoni alinipa krimu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, nipake kidogo tu mara mbili kwa siku, na losheni nyepesi isiyo na mafuta. Sabuni ya mche ikabaki kwenye vyombo.

Kichwani ilikuwa shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki kwa wiki nne. Hapa nataka nikae kidogo, maana shampuu hii nilikuwa nimewahi kuinunua zamani nikaiona haifai, na kumbe sikujua kuitumia. Nilikuwa naiosha kama shampuu ya kawaida: povu, maji, basi. Dawa inataka muda. Inatakiwa ifike kwenye ngozi, si kwenye nywele, ikae kama dakika tano ndipo uioshe. Dakika tano ukiwa umejiinamia bafuni na povu kichwani ni ndefu. Mwanzoni nilikuwa nikifika mbili tu nanyanyua kopo. Nikajizoesha kuloweka sare za mwanangu wakati huo, nazisugua kola, nikimaliza kola na vikwapa muda umefika.

Jingine ni maji. Mtaani kwetu tunatumia sana ya kisima, na yana chumvi. Shampuu haitoi povu hata umwage nusu chupa. Nikawa naweka ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, kwa ajili ya kichwa tu. Chupa ambayo ilikuwa ikiisha kwa wiki mbili sasa inanifikisha mwezi na zaidi.

Dawa hii inakausha nywele zetu za kipilipili, na hilo ndilo linalowafanya wanawake wengi waiache. Mimi naosha nikiwa nimejigawa mabutu manane makubwa. Shampuu naipitisha kwa ncha za vidole kwenye njia zilizo katikati, mabutu yenyewe siyasugui. Kisha naweka kiyoyozi cha nywele kwenye urefu wa nywele peke yake, kisiguse ngozi. Povu linalobaki mikononi nalipitisha kwenye nyusi, pembeni mwa pua na nyuma ya masikio, macho nimefumba. Rasta nimeacha. Nasuka twende kilioni, kwa wepesi, njia ziwe wazi, na haikai zaidi ya wiki mbili.

Na mtandio. Kwa miaka nilikuwa naoga alfajiri, nafunga mtandio juu ya nywele mbichi, nakimbilia daladala, na kichwa kinashinda kimelowa mpaka usiku. Siku hizi naosha Jumamosi jioni, nakaa uani mpaka zikauke. Kitambaa cha ndani nimebadilisha kutoka kile cha kuvutika kwenda pamba nyepesi, tena ninavyo vitano, kila siku na chake. Kwa mtu anayeuza vitambaa hilo lingepaswa kuwa jepesi, na bado lilinichukua mwaka.

Wiki ya tatu nilivua mtandio jioni nikagundua sijajikuna siku nzima. Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika kitana tu.

Tatizo limerudi tangu hapo, mara nne. Mara moja ilikuwa baada ya msiba wa baba mdogo, tulikesha karibu wiki nzima. Mara nyingine ni mwezi wa kuhesabu mali dukani, tukilala saa nane. Na Julai upepo unapokuwa mkavu. Sasa naijua dalili yake: nyuma ya sikio la kulia huanza kuwasha siku mbili kabla ya kitu chochote kuonekana. Nikisikia hivyo sisubiri nyusi. Narudia shampuu mara mbili kwa wiki, siku kumi na nne, kisha narudi kwenye mara moja kwa wiki ambayo ndiyo kawaida yangu. Mabaka ya pembeni mwa pua yalichukua miezi kurudi rangi yake, lakini yalirudi. Ngozi ya mdomoni hadi leo haipendi jua.

Kwa mama nilichelewa kusema. Mara mbili nilikwenda Bagamoyo nikadanganya kwamba nimetoka kusuka, nisifumuliwe. Mara ya tatu alinivua mtandio kabla sijakaa, akaona ngozi safi, akafurahi sana. "Unaona? Mafuta yangu hayo." Nikashindwa kunyamaza. Nikamweleza yote, fangasi, mafuta, daktari. Alisikiliza mikono yake ikiwa imetua mabegani mwangu. Kisha akasema kwa utulivu kwamba nilipokuwa na mwezi mmoja nilikuwa na utando mzito kichwani, wa manjano, wanawake wa mtaa wakimwambia mtoto huyu ana mkosi, na yeye akaupaka mafuta ya nazi kila siku mpaka ukatoka wote. "Nikakuponya mimi," akasema.

Nilikuwa nimeshamuuliza daktari habari za watoto wachanga. Utando ule mara nyingi huondoka wenyewe baada ya miezi kadhaa. Mafuta huulainisha tu ukabanduka. Lakini sikumwambia mama hivyo. Miaka thelathini na zaidi amebeba ile siku ambayo majirani walinisema naye akanisimamia kwa chupa ya mafuta. Nilimwambia tu kwamba kichwa cha mtu mzima kinataka kitu kingine, na kwamba mafuta yake nayapaka miguuni, ambako visigino vyangu havijapasuka tena. Ni kweli.

Hakujibu. Alikwenda ndani akakaa muda mrefu. Aliporudi alikuwa na ndoo ya maji ya mvua na kigoda. "Iko wapi hiyo dawa?"

Akanikalisha kati ya magoti yake, akanigawa mabutu manane, akaipitisha shampuu mstari kwa mstari kwa ncha ya kidole, vilevile kama siku zote. Nikamwambia ikae dakika tano. Simu yangu ilikuwa ndani. Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa tasbihi yake mfukoni, akaanza kuvuta punje moja moja kwa sauti ya chini nyuma ya kichwa changu, povu likinitiririka shingoni. Nilitaka kunyanyuka mapema. Akanibana kwa magoti.

"Tulia. Bado thelathini na tatu."